Katuni ya gemu nayo ni hadithi, someni kwanza ndo muihukumu

Mhariri, habari za kazi. Naandika kujibu ile safu yenu ya ukurasa wa burudani iliyosema vitabu vya katuni vinavyotokana na gemu za video ni matangazo tu yaliyochorwa, kwamba kampuni inataka hela ya mtu yule yule mara ya pili, basi, hamna kingine. Mwandishi wenu hakutaja hata kitabu kimoja. Hakusema kasoma kipi, kachora nani, kinahusu nini, kaviweka vyote kapu moja kafunga. Mi nazipenda hizi katuni, nazisoma kwa makini kama watu wengine wanavyosoma riwaya, na nimeona hili likiachwa hivi hivi wazazi wanaowasoma nyie watalichukua lilivyo, kesho kijana akionekana na kitabu cha namna hiyo ataambiwa aache upuuzi akafungue daftari.

Sasa mi nitataja kitabu. Kinaitwa Mass Effect: Redemption, kilitolewa na kampuni ya Dark Horse ya Marekani, matoleo manne, kuanzia Januari mpaka Aprili 2010. Stori katunga Mac Walters, ambaye ni mmoja wa waandishi wakuu wa gemu yenyewe ya Mass Effect 2 kule BioWare, kampuni iliyotengeneza gemu hiyo, nchini Canada, mazungumzo kaandika John Jackson Miller, na picha kachora Omar Francia. Kwa hiyo hapo tayari ile hoja ya kwamba hizi katuni wanapewa watu wa pembeni wababaishe kidogo zitoke haikai, kwa sababu aliyetunga gemu ndo huyo huyo aliyetunga katuni, na ziliandikwa zikiwa zinajuana, moja inaanzia pale nyingine ilipokatisha.

Kwa wasioijua gemu naomba nieleze kidogo. Mass Effect ya kwanza ilitoka Novemba 2007 kwenye mashine ya Xbox 360. Ni mwaka 2183, binadamu wameshatoka duniani wanaishi kwenye galaksi pamoja na viumbe wengine wengi wenye serikali zao na ugomvi wao, na wewe unakuwa Kamanda Shepard, unachagua mwenyewe awe mwanaume au mwanamke, unamtengeneza sura, unaongoza chombo kinaitwa Normandy. Adui mkubwa ni Reapers, mashine ambazo kila baada ya miaka kama elfu 50 zinarudi kufagia kila jamii iliyoendelea, zinaondoka, zinasubiri zingine zikue. Unacheza masaa mengi sana, unazoeana na watu wako kwenye chombo, unajua nani ana ugomvi na baba yake na nani ana siri gani, mpaka unamaliza.

Halafu inakuja ya pili, Januari 2010, na dakika za mwanzo kabisa Normandy inashambuliwa na viumbe wanaitwa Collectors, chombo kinakatika vipande, Shepard anarushwa nje kwenye anga tupu. Ile sehemu imetengenezwa vizuri mno. Sauti zote zinakatika unabaki unasikia pumzi yake tu, unaona mpira wa hewa nyuma ya helmeti umepasuka unavuja, anapapasa shingoni kwa mikono miwili anatafuta pa kuziba, hapati, anatulia, anaanza kuanguka taratibu kuelekea kwenye sayari iliyo chini yake. Kafa. Stelingi kafa kabla hujafanya chochote. Inayofuata, miaka miwili imepita, Shepard anaamka kwenye meza ya maabara ya kikundi kinaitwa Cerberus, na unaambiwa kuna mradi unaitwa Lazarus uliotumia bilioni 4 na zaidi za hela yao ya kule kumrudisha.

Jamani, hapo katikati! Mwili wa mtu umeangukia sayari ya barafu mbali huko, Cerberus wameupataje? Nani kaenda kuuokota, nani kauuza, nani kanunua? Gemu inaruka. Lazima iruke, maana wewe ndo Shepard na wewe umekufa, huwezi kucheza wakati umekufa. Hapo hapo kwenye ule mruko ndo Redemption imekaa.

Katuni inamfuata Liara T'Soni. Huyu kwenye gemu ya kwanza ni mtafiti wa mambo ya kale, ni wa kabila la asari, wale wa rangi ya bluu wanaoishi mpaka miaka elfu, kwa hiyo yeye na miaka yake 106 kwao anahesabika msichana tu. Mara ya kwanza kumwona ni kwenye sayari ya Therum, kanasa ndani ya kizuizi cha teknolojia ya kale alichokiwasha mwenyewe wakati anajificha, ananing'inia hewani hawezi kusogeza hata mkono, anakuomba umtoe. Ni mpole, ni msomi, akiongea na Shepard anababaika, na kwenye sayari ya Noveria mama yake, Benezia, anakufa baada ya kutumiwa na adui. Gemu nzima ya kwanza Liara ni mtu wa kuokolewa na kufarijiwa. Nampenda hivyo hivyo, ila ndivyo alivyo.

Basi fungua katuni. Mtu huyo huyo yuko peke yake, Normandy haipo, Shepard hayupo, anashuka Omega. Omega ni kituo kilichochimbwa ndani ya mwamba wa angani, hakina polisi wala serikali, kuna magenge na kuna Aria T'Loak, mwenye klabu ya Afterlife, na sheria ni moja tu pale, usimchokoze Aria. Liara kaja kutafuta maiti. Kaja na nini? Kaja na uchungu wake na akili yake, na anakutana na jamaa anaitwa Feron, ni wa kabila la drell, mwenye mdomo mwepesi, anajua vichochoro vyote, na huwezi kujua yuko upande gani kwa sababu anakula kwa Shadow Broker na huku anakula kwa Cerberus. Shadow Broker ndo muuza siri mkubwa kuliko wote kwenye galaksi, hajulikani sura, na ndo anayeutaka mwili wa Shepard awauzie Collectors. Genge la mamluki la Blue Suns liko katikati ya hiyo biashara. Cerberus nao wanamwita Liara, mtu wao anaitwa Miranda Lawson anamleta, bosi wao anayeitwa Illusive Man anaongea naye, anamwambia tunautaka huo mwili na tutaufanyia kitu ambacho hakuna mwingine anaweza.

Hapo nataka nikae kidogo kwa sababu ndo penye utamu wote.

Cerberus ni watu wabaya. Aliyecheza gemu ya kwanza anajua, kuna misheni unamfuatilia admirali anaitwa Kahoku anayetafuta ukweli kuhusu vijana wake waliokufa, unakuja kumkuta naye kashauawa na hao hao Cerberus, na unaona majaribio waliyokuwa wanafanya. Liara anawajua ni akina nani. Upande wa pili kuna Collectors ambao hakuna anayejua wanataka maiti ya nini, ila hakuna heri hapo. Kwa hiyo Liara achague, azike imani yake akabidhi mwili wa mtu anayempenda kwa wauaji wanaosema watamfufua, au aache potelea mbali. Na wewe msomaji huna pa kubonyeza. Gemu hii sifa yake kuu ni kuchagua, kila baada ya dakika chache unaulizwa unajibuje, unamwacha nani, unamuua nani, na umezoea hivyo masaa mengi. Katuni inakunyang'anya hicho kitu. Unakaa pembeni unaangalia mtu mwingine akichagua kuhusu mwili wako wewe, anabebeshwa yale mazito ambayo siku zote umeyabeba wewe kwa kidole. Mi sijaona kitu kingine kinachomweka mchezaji kwenye nafasi hiyo, na hakiwezi kuwekwa ndani ya gemu kwa sababu ndani ya gemu kamera iko nyuma ya bega la Shepard karibu muda wote.

Halafu kuna suala la mchoraji. Kila mchezaji ana Shepard wake, mwingine wake ni mwanamke mweusi, mwingine mzungu mwenye kovu, mwingine kakaa nusu saa anarekebisha pua tu. Sasa unachoraje kitabu kizima kinachomzunguka mtu ambaye kila msomaji ana sura yake kichwani? Walichofanya ni kumfungia ndani ya kapsuli. Kapsuli inagombaniwa, inabebwa, inapigiwa risasi, inapandishwa kwenye chombo, na mwili wa ndani hauonyeshwi. Mchoraji kaacha nafasi, msomaji anaweka mtu wake. Ni uamuzi wa kuwafikiria wasomaji, na anayesema hawa jamaa wanachora tu ilimradi angeangalia hicho kitu kimoja.

Mwisho wake Liara anafanikiwa kuutoa mwili, ila Feron anabaki nyuma makusudi ili yeye apate kuondoka. Yule yule ambaye kurasa zote ulikuwa humwamini. Anakamatwa na watu wa Shadow Broker, Liara anaondoka na maiti huku anajua kamwacha mtu hai mikononi mwa watesaji, anaapa kumrudia. Kitabu kinaisha.

Sasa rudi kwenye gemu ya pili, ufike sayari ya Illium, panda ngazi uingie ofisini kwa Liara. Unamkuta yuko kwenye mawasiliano na mteja anayedaiwa, anamtishia kwamba alipe au atamchuna ngozi akiwa hai, tena kwa nguvu za akili yake, na maneno anayoanzia ni yale yale mama yake Benezia aliyomwambia Shepard kule Noveria kabla hawajapigana. Kageuka ni muuza siri. Anakusalimia, anafurahi kweli, dakika moja baadae karudi kwenye kazi zake anakutuma ukadukue mitambo huko nje. Wachezaji wengi walilalamika sana hapo, huyu si Liara, Liara gani huyu, wameharibu mhusika. Ukimuuliza anakueleza kwa mdomo kwamba kuna rafiki alimsaidia na akakamatwa, gemu haijaficha moja kwa moja, lakini kuelezwa ni kitu kingine na kuona ni kingine. Asiyesoma katuni anakuwa kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu akakuta ukoo umegawana shamba, kila mtu kanuna na hakuna anayemwambia ilianzia wapi. Aliyesoma anaingia ile ofisi anajua kabisa kila sekunde ambayo Liara anapoteza kukuchekea, Feron yuko mahali anateswa.

Na hilo deni walilipa. Septemba 2010 ilitoka nyongeza ya gemu inaitwa Lair of the Shadow Broker, Cerberus wanapata taarifa kwamba Feron yuko hai, mnaenda na Liara mpaka sayari ya Hagalaz ambako Shadow Broker anaishi ndani ya chombo kinachotembea ndani ya dhoruba isiyoisha, mnapigana juu ya bati lake na radi zinapiga kila upande. Ndani mnamkuta Feron kafungwa kwenye kiti, na kukifungua vibaya umeme unampitia. Miaka miwili yuko pale. Huyu mhusika alizaliwa kwenye katuni! Hakuwepo kwenye gemu yoyote kabla. Kwa anayecheza tu ni mateka mmoja, kwa aliyesoma ni yule jamaa mwenye mdomo mwepesi aliyebaki nyuma, na sasa mdomo hauna wepesi tena. Na baada ya kumuua Shadow Broker Liara anachukua kiti chake, anakuwa yeye, yule binti aliyekuwa ananing'inia kwenye kizuizi kule Therum. Ukiondoa katuni hapo katikati hiyo safari ina shimo.

Ndo maana nasema kwa mwandishi wenu, hili ni tangazo la nini? Tangazo linakuambia kanunue. Hii inakuambia kilichotokea.

Sasa sikatai biashara ipo, tena mi nina malalamiko yangu nayo. Kumvunjia mtu hadithi vipande vipande, hiki ununue huku kile ununue kule, sio haki kwa mchezaji, hasa wa huku kwetu ambaye kitabu cha Marekani kinamfikia kwa taabu. Kama tukio linabadilisha tabia ya mhusika mkuu linastahili kupewa uzito ndani ya gemu yenyewe, sio mistari miwili ya mazungumzo ambayo mtu anaweza asiulize kabisa. Na zipo katuni za gemu ambazo kweli zinampa hoja mwandishi wenu. Halo: Uprising ya Marvel, kaandika Brian Michael Bendis kachora Alex Maleev, majina makubwa kabisa, ilitakiwa iunganishe gemu za Halo 2 na Halo 3. Toleo la kwanza likatoka Agosti 2007, gemu ya Halo 3 ikatoka Septemba 2007, na toleo la nne la mwisho likatoka Aprili 2009. Daraja limeisha kujengwa watu walishavuka zamani! Michoro ya Maleev mizuri, ina giza lake, lakini hadithi ya kuelezea kabla ikija baada inakuwa imekufa. Hata ndani ya Mass Effect kwenyewe ile Invasion iliyoanza 2011, inayohusu Cerberus kuvamia Omega, kwa maoni yangu ni mapigano mengi mno, nilitaka nimjue Aria zaidi nikapewa milipuko.

Lakini hiyo ndo kazi ya mhakiki, kusema hiki kizuri na hiki kibovu na kwa nini. Nyie mnahakiki muvi, kuna muvi mbovu ngapi na hamjawahi kuandika kwamba muvi zote ni tangazo la popikoni.

Kuna kingine nataka kukitaja kwa sababu hakijulikani sana na kinaonyesha katuni inaweza na haiwezi nini. Mass Effect 2 ilipokuja PlayStation 3 Januari 2011 kulikuwa na tatizo, gemu ya kwanza haikuwepo kwenye mashine hiyo, ilikuja kufika mwishoni mwa 2012. Na gemu ya pili inategemea maamuzi uliyofanya kwenye ya kwanza. Watu wa PlayStation hawana maamuzi. Wakafanyaje? Wakatengeneza katuni, inaitwa Mass Effect: Genesis, wakaiweka ndani ya gemu. Picha zinapita, Shepard anasimulia, na ikifika pale penye uamuzi mkubwa inasimama inakuuliza wewe ulifanyaje. Malkia wa rachni, viumbe kama wadudu wakubwa, umemwachia au umemuua? Baraza linaloongoza galaksi umeliokoa au umeliacha life? Unabonyeza, inaendelea, na dunia ya gemu ya pili inajipanga kufuata ulichojibu. Gemu nzima ya masaa na masaa imebanwa kuwa katuni ya kusoma wakati chai inapoa, na kwa karibu miaka miwili mchezaji wa PS3 historia yote ya Shepard aliijua kwa katuni hiyo.

Nimeicheza hiyo sehemu na kuna pahali inaniuma. Virmire. Kwenye gemu ya kwanza Virmire unatakiwa uchague kati ya wenzako wawili, Kaidan Alenko na Ashley Williams, mmoja unaenda kumtoa na mwingine anabaki na bomu. Aliyecheza anakuwa kashaongea nao kila baada ya misheni, Ashley kamsomea mashairi aliyoyapenda baba yake, Kaidan kamwambia alivyoteseka utotoni kwa mwalimu aliyewafundisha kwa kuwapiga. Unakaa na padi mkononi hutaki kubonyeza. Kwenye Genesis unaonyeshwa picha mbili za watu ambao huwajui, chagua. Mtu anachagua mwenye sura nzuri. Katuni hapo imebeba taarifa, uzito haujabeba, kwa sababu haikupewa kurasa za kukujulisha hao watu. Ukilinganisha na Redemption unaona tofauti kabisa, Redemption ina matoleo manne kwa tukio moja na watu wachache, inapata nafasi ya kupumua, Feron anakuwa mtu. Kwa hiyo tatizo la katuni ya gemu likiwepo mara nyingi ni kupewa mzigo mkubwa kwenye kurasa chache, na hilo ni jambo la kuandikwa, linamfundisha kitu hata anayetaka kuchora.

Zipo zingine nazitaja kwa haraka mwandishi wenu azitafute. Mass Effect: Evolution ya 2011, inamhusu huyo Illusive Man kabla hajawa Illusive Man, askari wa kukodiwa anaitwa Jack Harper, kwenye vita ya kwanza ya binadamu na viumbe wanaitwa waturian, na humo ndo unajua yale macho yake yanayong'aa bluu aliyapata wapi. Kuna mwanamke kwenye kikosi chake anaitwa Eva Coré, halafu kwenye gemu ya tatu ya 2012, kule Mars, kuna roboti wa Cerberus anajiita Dokta Eva. Aliyesoma anashtuka pale. Dead Space, iliyotolewa na kampuni ya Image kuanzia Machi 2008 miezi kadhaa kabla ya gemu yake ya Oktoba, kaandika Antony Johnston ambaye alishiriki kuandika na gemu, kachora Ben Templesmith kwa wino unaoonekana kama unaoza, inaonyesha koloni la wachimba madini kwenye sayari ya Aegis VII lilivyoisha. Ukianza kucheza gemu unafika wakati watu wameshakufa, katuni ndo inakuonyesha walipokuwa wazima. Na kama mnataka tuzo, Cyberpunk 2077: Big City Dreams, aliyoiandika Bartosz Sztybor na kuchorwa na Filipe Andrade na Alessio Fioriniello, ilipata tuzo ya Hugo ya mwaka 2023 upande wa hadithi za michoro, na Hugo ni tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, imeanza kutolewa tangu miaka ya 1950. Hiyo ni hadithi fupi ya vibaka wawili wanaotaka kutoka kimaisha kwenye jiji lisilowajali, mmoja ndoto zinamla. Hamna vita kubwa ya kuokoa dunia humo.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kuzijali. Vijana wetu wengi gemu wanacheza kibandani, wanalipia mechi, kwa hiyo kinachochezwa ni mpira na ngumi maana vinaisha haraka mwenzako aingie. Gemu ya hadithi kama Mass Effect inataka ukae nayo wiki nyingi na usevu pako mwenyewe, kibandani haiwezekani, na mashine ya nyumbani ni hela. Katuni haidai mashine. Kijana mwenye simu anaweza kuisoma, na Kiingereza chake kikiwa cha kuungaunga picha zinambeba. Na huyo huyo ndo anachora nyuma ya daftari, nchi hii imejaa watu wanaochora, magazeti yetu yenyewe yamelea wachora katuni tangu zamani na watu walikuwa wananunua gazeti waanze na katuni. Huyo kijana akisoma kwenu kwamba kazi hii ni takataka, ataijuaje kwamba ipo kazi ya mtu kukaa na mtunzi wa gemu na kuamua kapsuli ifungwe au iachwe wazi?

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnatoa nusu ukurasa kila wiki kwa muvi za nje. Chukueni robo yake, hata mara moja kwa mwezi, mhakiki katuni, za gemu na zisizo za gemu, za nje na za hapa, na apewe mtu anayesoma kweli, ataje mchoraji kwa jina, aseme kurasa zipi zimekaa na zipi zimepwaya. Mwandishi wa ile safu naye sina ugomvi naye, aanze na Redemption, ni matoleo manne tu, jioni moja anamaliza. Ila kama ana mpango wa kucheza na gemu zenyewe basi amalize kwanza ile ya 2007, aanze ya pili aone Normandy inavyokatika, aisimamishe hapo hapo, asome, ndo arudi aendelee mpaka Illium. Akitoka ofisini kwa Liara aandike tena hiyo safu, na mi nitaisoma.

Msomaji wenu,
Tanga